Shikamoo ya Mtani

Gervasi alizikwa Mandawa, ndani ya shamba lake la mikorosho, Jumanne saa tisa alasiri. Mimi nilifika saa tano nikitokea Ruangwa mjini, nyuma ya pikipiki, suruali imegeuka rangi ya barabara. Binti yake mkubwa, Skolastika, alinipokea mfuko wangu, na kabla sijampa pole akaniambia, "Afadhali umefika, mtani. Baba hawezi kuondoka hapa bila wewe. Watu wameshaanza kuuliza kazi yako ataifanya nani." Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, lakini aliposema neno "kazi" alitabasamu. Kwa asiyetoka kwetu nieleze: mimi ni Mmwera, Gervasi alikuwa Mngoni, na Wamwera na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipowakimbiza mababu zetu kutoka bonde hili hadi bonde lile. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kuingia uani kwako akakamata kuku, kuvaa kofia yako akaenda nayo. Na siku ya msiba ni yeye anayelala kaburini na kugoma kutoka, anayeiga marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, ili waliofiwa wacheke kidogo kabla udongo haujarudishwa. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikingojewa. Nilikaa mkekani na wazee wenzangu, nikaletewa ugali na mbaazi. Mfukoni nilikuwa na sentensi mbili nilizoziandika kwenye karatasi kama mtoto wa shule, na hazikuwa za utani. Zilihusu vyuma vilivyomuua mtu, na nani alivichagua. Nilikuwa nimeamua kuzisema mbele ya watu kabla Gervasi hajafunikwa, kwa sababu baada yake hakubaki mwingine anayejua.

Mwaka wa vyuma hivyo, enzi za Mwingereza, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimehitimu darasa la kumi, na cheti changu nilikihifadhi ndani ya biskuti za bati ili mchwa wasikifikie. Nasema biskuti za bati, maana yake kopo lake, lakini sisi tuliliita hivyo. Niliajiriwa karani wa stoo Nachingwea, kwenye kampuni ndogo ya uchukuzi iliyobeba mitambo kutoka stesheni ya reli hadi kwenye mashamba mapya ya karanga. Stoo ilikuwa chumba cha mabati matupu, sakafu ya udongo, harufu ya grisi na magunia. Saa sita mchana mabati yalianza kulia yenyewe kwa joto, tik, tik, na mimi kila mara niligeuka kuangalia nani ameingia. Ndivyo nilivyokuwa. Nikifunga kufuli, nilirudi mara tatu kulivuta. Nikiandika barua ya mistari minne, nilichafua karatasi sita. Nje ya uwanja pori lilikuwa limeng'olewa hadi jicho linapokomea. Mabuldoza mawili yalitembea sambamba yakiburuta kati yao mnyororo mmoja mnene kama paja, na miti yote iliyokuwa katikati ililala. Baada ya miti kulala hapakuwa na ndege. Kilichobaki kulia asubuhi ni minyororo, ikiburutwa, ikitupwa juu ya matela, na nilipoisikia nilihisi kama kuna kitu kinahesabiwa na mimi sijui kimefika ngapi.

Ukuta wangu mmoja ulipakana na banda la chakula, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Wafanyakazi walikula ugali wa muhogo na mbaazi, na msimu wake ulipofika, ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini, ambayo watu wa bara waliimenya kwa wasiwasi wakidhani ni mizizi ya dawa. Sauti mbili zilizidi nyingine zote. Moja ilikuwa ya Gervasi, dereva wa lori kubwa, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kovu kidevuni na pengo la meno mawili ya mbele. Kila aliyemuuliza kuhusu pengo lile alipewa jibu lake. Wiki hii alisema meno yaling'olewa na mama mkwe wa Kimwera aliyeambiwa hajui kupika. Wiki iliyofuata alisema aliyasahau kwenye hindi la kuchoma huko Songea. Sauti ya pili ilikuwa ya Fundi Hamisi, Mmwera mwenzangu kutoka Mandawa, mfungaji wa mizigo, mfupi, mwenye mikono mirefu, ambaye hakuvua baraghashia hata akiwa juu ya tela.

"Mtumwa wangu, leo umekula kuliko punda wa babu yangu," Gervasi alimwambia.

"Babu yako hakuwa na punda, Mngoni. Alikuwa akibebwa na babu yangu, akishalewa."

Siku moja Hamisi alipomaliza kula alianguka chini ya benchi, akatoa ulimi, akalala kimya. Gervasi alipiga yowe la msiba, akapiga magoti, akaanza kumvua viatu huku akilia, "Niacheni nirithi kabla havijapoa!" Hamisi alifufuka kwa ajili ya viatu. Nilicheka peke yangu upande wa pili wa mabati. Mimi pia nilikuwa mtani wa Gervasi kwa haki ileile, lakini sikuwa na kipaji hicho, na yeye alinijua. Mwezi wangu wa kwanza aliniambia, uso mkavu kabisa, kwamba Bwana Mkubwa wa kampuni ameagiza makarani wote walete vitanda vyao vikaguliwe kunguni. Nilijiuliza kwa siku nzima kama inawezekana, nikaona inawezekana. Nikapita katikati ya uwanja, saa mbili asubuhi, kitanda cha kamba kichwani, watu wote wamejipanga wakinishangilia. Tangu hapo niliapa kwamba hakuna neno la Gervasi litakaloingia tena kichwani mwangu.

Mambo yalianza pale buldoza moja lilipoteleza nusu yake ikatoka nje ya tela karibu na Naipingo. Halikumdhuru mtu, lakini Bwana Mkubwa, Mzungu mwembamba aliyekuwa na homa kila wiki, alikuja stoo akiwa amejifunga blanketi mabegani. Msimamizi aliyevijua vifaa alikuwa amelazwa Lindi. Vyuma tulivyokazia minyororo ya kufungia mizigo vilikuwa mchanganyiko wa vitu vilivyochakaa, vingine vimeshikizwa kwa waya. Alinitupia kitabu cha vifaa mezani. "Wewe nasoma shule," alisema. "Wewe nasoma hii. Chagua aina moja tu. Andika namba. Barua naondoka Jumamosi ingine, meli naleta." Nilikuwa na siku tisa. Nilimwuliza nichague kwa kuangalia nini, akanitazama kama vile nimemwuliza rangi ya upepo, akaondoka na blanketi lake.

Aina zilikuwa mbili, na mfano wa kila moja ulikuwepo stoo. Cha kwanza kilikuwa na mkono mrefu wa chuma. Unakamatisha kulabu zake mbili kwenye mnyororo, unauvuta mkono kwa nguvu zako zote, mara nyingi umeuchomekea kipande cha bomba ili uwe mrefu zaidi, hadi unapinduka upande wa pili na kujilaza wenyewe: kap! Mnyororo umekaza, nawe umeshahamia wa pili. Kukifungua ndiyo shughuli, kwa sababu nguvu zote zilizolala mle huamka kwa pamoja. Wafanyakazi walikiita punda, kwa ajili ya teke, na walikipenda. Cha pili kilikuwa na skrubu nene katikati. Unaizungusha, inauvuta mnyororo kidogo kidogo, na ukitaka kulegeza unairudisha kidogo kidogo vilevile. Hicho kilikuwa kobe. Kilichosha mikono, na mfungaji akiwa na haraka alikitukana.

Niligawa karatasi katikati kwa rula. Upande wa punda niliandika: haraka, hana skrubu ya kuingia vumbi, mvua inakuja na mitambo mingi inangoja. Upande wa kobe: hana teke, lakini vumbi la Nachingwea linaingia hata kwenye saa, lakini grisi tunayo, lakini nani atapaka grisi, lakini kutu. Niliandika "lakini" nyingi mpaka karatasi ikaonekana kama imeota ukungu. Niliwaomba mafundi wafunge tela moja mbele yangu, kwanza kwa punda, halafu kwa kobe, nikiwa nimeshika saa, na Hamisi akaniuliza kama naandaa mbio za ngalawa. Nilipima pete za minyororo kwa uzi, kwa sababu kitabu kilisema chuma cha kukazia kisiwe dhaifu kuliko mnyororo wenyewe, na sentensi hiyo niliipigia mstari mara mbili, nikijisikia nimeshika kitu. Kuhusu teke kitabu kilikuwa na mstari mmoja tu: mkono ushikwe kwa tahadhari. Nilijua maana ya kila neno la Kiingereza katika mstari ule. Kitu chenyewe sikukijua.

Siku ya nne Gervasi alichungulia dirisha la stoo. "Karani wa Kimwera! Nasikia unachagua. Andika punda! Andika wengi kabisa. Nataka nile ubwabwa wa msiba wa Hamisi kabla ya Krismasi."

"Utakula kwa meno yapi?" Hamisi alimjibu kutoka bandani, na kicheko kikatikisa mabati.

Nilicheka nami, halafu nikakaa nikafikiri. Siku ya nane, saa ya chakula, Gervasi alikuja tena, ila safari hii alipita mlangoni. Watu walikuwa wametoka na sahani zao kukaa kivulini mbele ya stoo, kwa hiyo wote waliona. Alivua kofia. Akasimama wima, mikono imenyooka mapajani kama askari.

"Shikamoo, Bwana Karani," alisema.

Alinizidi miaka zaidi ya kumi. Zaidi ya hapo, alikuwa mtani, na mtani hasalimiwi kwa heshima wala hasalimii kwa heshima. Sikuwa nimewahi kusikia mtani akimwamkia mtani kabla ya siku ile. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. "Mngoni ana homa!" Hamisi alipiga kelele, baraghashia imemdondoka kwenye mbaazi. "Mpelekeni hospitali, ameanza kuona Wamwera ni watu!"

Gervasi hakugeuka. "Nakuomba, Bwana Karani," alisema. "Usiandike punda. Andika kobe. Nakuomba sana."

Nami, ambaye kila siku nilitamani kuwa na jibu la haraka, siku ile nililipata. "Marahaba, mwanangu," nilimwambia.

Watu walianguka. Mmoja alipaliwa na ugali akapigwa mgongoni. Gervasi alisimama pale kidogo, akinitazama, midomo imefungwa juu ya lile pengo. Kisha akavaa kofia yake. "Basi, mtumwa," alisema, akacheka pamoja nasi. Nimeurudia mwaka ule kichwani mara nyingi, na katika vyote nilivyoviona, hata kile kilichokuja baadaye, hakuna kinachonitisha kama namna alivyovaa ile kofia.

Mchana ule nilirudi kwenye karatasi yangu. Nilifikiri hivi: akisema punda anataka nichague kobe, lakini sasa amesema kobe, basi anataka nichague punda, lakini anajua kwamba mimi najua, kwa hiyo huenda anataka kobe, ili nionekane karani mwoga aliyewaletea watu chuma cha kuchosha mikono. Nilikiona kile kitanda kichwani mwangu tena. Nilifikiri kila njia mtu anayoweza kusema kitu na kumaanisha kingine. Kitu kimoja tu sikukifikiria, kwamba mtu anaweza kusema kitu na kumaanisha kitu hichohicho. Jumamosi asubuhi niliandika punda, nane, nikaandika namba kwa mwandiko wangu bora, na barua ikaondoka.

Walifika wakiwa wamepakwa rangi ya njano, wamefungwa kwenye karatasi za mafuta. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu. Matela yaliondoka mapema, Bwana Mkubwa aliniwekea mkono begani, na kutoka stoo nilisikia kap, kap, kap, kap, minyororo minne, halafu injini. Hamisi alinisifu mbele ya watu. "Mmwera amesoma," alisema. Gervasi hakusema lolote kuhusu vyuma vile, ila nilimwona, kila tela lake lilipofunguliwa, akienda kusimama mbali, upande wa mbele wa lori, akijifanya anapiga mateke matairi. Niliona, nikaliandika kichwani, nikapita.

Mvua ya kwanza iliharibu barabara ya Ruangwa, na buldoza moja likatakiwa huko. Nilipanda nami kwa sababu kulikuwa na vifaa vya kukabidhi. Tulikaa watatu mbele, Gervasi kwenye usukani, Hamisi mlangoni, mimi katikati. Hewa ilikuwa nzito, na juu ya vilima vya Ruangwa mawingu yalikuwa yamekaa kama moshi wa kitu kinachoungua bila moto. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na tundu dogo la kioo, na sikuweza kuacha kugeuka. Niliona mnyororo wa nyuma upande wa kushoto ukicheza.

"Fundi, ule wa nyuma umelegea," nilisema.

"Karani," Hamisi alisema akiwa amefumba macho, "wewe siku ukioa, hata mkeo utamfunga kwa mnyororo."

"Na atamkaza kwa punda," Gervasi akaongeza, lakini hakucheka.

Baada ya mwendo nilisema tena. Hamisi akaimba kidogo. Mara ya tatu nilimshika Gervasi mkono ulio kwenye usukani. Sijui nilikuwa na uso gani, kwa maana alisimamisha lori palepale, mahali ambapo barabara ilikuwa imelala upande mmoja kwa sababu ya mmomonyoko. Tukateremka. Sikuwa nimekosea: buldoza lilikuwa limesogea kushoto kiasi cha kiganja. Mnyororo wa kushoto ulining'inia, na wa kulia ulikuwa umebeba kila kitu. Hamisi aliugonga kwa spana ukatoa mlio mwembamba, kama waya. Akasema ataulegeza huo wa kulia kidogo, buldoza lipumue, ndipo akaze yote sawasawa. Akachukua bomba, akapanda tela, akalichomeka kwenye mkono wa chuma. Kulegeza kidogo. Kobe anaweza kidogo. Punda hajui kidogo.

"Acha, Hamisi!" Gervasi alisema kutoka upande wa mlango. "Shuka. Twende hivyohivyo, tutafunga Ruangwa penye tambarare. Hamisi, tafadhali."

Hamisi alinitazama mimi, macho yanacheka. "Umesikia? Tafadhali! Leo Wangoni wana adabu."

Kilicholia hakikuwa kap. Bomba lile tulikuja kuliokota mbali, kwenye nyasi za upande wa pili wa barabara. Hamisi alikuwa amelala chali karibu na gurudumu, mkono mmoja juu ya kifua, na baraghashia yake imebaki juu ya tela. Gervasi alikwenda akasimama juu yake. Hakuinama.

"Amka, Mmwera," alisema. "Amka. Leo utani sitaki."

Akangoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilingoja pia, kwa sababu Hamisi aliwahi kutufanyia hivyo, na akafufuka kwa ajili ya viatu.

Kesho yake tulikuwa Mandawa. Mama yake Hamisi, Bi Somoe, alikaa uani katikati ya wanawake, kanga imemfunika hadi machoni. Jeneza lilikuwa tayari kutoka, na kila mtu alimtazama Gervasi, kwa sababu hapo ndipo mtani hujilaza mlangoni na kuzuia. Gervasi alisimama ukutani kama mgeni. Bi Somoe alifunua uso. "Mtani, mbona umenyamaza?" aliuliza. "Mwanangu anaondoka kama mtu asiye na watu." Ndipo akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeulizia njia: "Nani aliwachagulia chuma hicho?"

Wafanyakazi waliokuwepo walijua. Walitazama chini. Nilifungua mdomo, na kwa kuwa mimi ni mimi, nilianza kupanga: nianze na kitabu, au nianze na barua, au nianze na pole. Nikiwa bado napanga, Gervasi alitoka ukutani.

"Mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyesema viandikwe vingi. Nilitaka nile ubwabwa wa msiba wake."

Ikacheka sauti moja ya mwanamke, kisha nyingine, kisha ua wote ukacheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na machozi. "Mngoni huyu mshenzi!" Bi Somoe alisema, akampiga kwa ncha ya kanga, begani, kifuani, akilia na kucheka. "Mlafi mkubwa! Haya, mpeni ubwabwa wake!" Wakamletea sahani. Alikula amesimama, mbele ya jeneza, watu wakimhesabia matonge. Nilikuwa karibu naye. Hakuwa akitafuna. Alikuwa akimeza tu, mpaka sahani ikaisha.

Tuliporudi Nachingwea nilimfuata kwenye lori lake, nikamwuliza kwa nini alinibebea lawama. "Kwani nilisema uongo?" aliniuliza. "Si nilikuambia uandike wengi?" Nikamwambia alikuja pia akaniomba. "Nikakuomba. Ukaniitikia marahaba, mwanangu." Alifungua mdomo, akaweka kidole kwenye pengo. "Haya yalitoka Tanga, kwenye mkonge. Punda wa namna ileile. Mwenzangu aliyeshika bomba hakuamka." Nilimwuliza kwa nini hakutuambia hivyo siku zote, badala ya mahindi na mama mkwe. "Mimi na ninyi tuna lugha moja tu, Karani," alisema. "Siku ile nilijaribu kutoka ndani yake. Uliona nilivyochekwa."

Niliandika barua nyingine, kwa mwandiko mbaya, na kobe wakaja. Walikuwepo mpaka karanga zilipokataa, mitambo ikaondoka, na pori likaanza kurudi taratibu juu ya makovu. Mimi nilikwenda Ruangwa kufundisha shule. Gervasi hakurudi Songea. Alihamia Mandawa, akaoa hapo, akapanda mikorosho yake jirani na shamba la Bi Somoe, na kila msimu alimlimia yule mama kwanza kabla ya kujilimia, hadi mama huyo alipofariki. Bi Somoe alimwita "mlafi wangu" mpaka mwisho. Kila mwaka nilimtembelea Gervasi, akanitukana, akanichukulia kofia, akawaambia watoto wake habari za kitanda. Jambo lile hakulitaja tena hata siku moja, nami kila mwaka nilirudi Ruangwa nikiwa nimepanga vizuri sana namna ya kuanza.

Saa tisa walimshusha. Katekista alimaliza sala zake, akarudi nyuma hatua mbili, na watu wote wakageuka kunitazama, midomo tayari imelegea kwa kicheko. Magoti yangu hayawezi tena kuingia kaburini, kwa hiyo nilisogea ukingoni. Nilitoa karatasi. Kumwona mtani anasoma utani kwenye karatasi, vijana wakaanza kukohoa kwa kuzuia kicheko. Nikavua kofia. Nikanyoosha mikono mapajani.

"Shikamoo, Gervasi," nilisema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu yote, na shamba zima likapasuka kwa kicheko. Nilingoja wanyamaze. "Vile vyuma vilivyomuua Hamisi wa Bi Somoe, aliyeviandika ni mimi," nilisoma. "Huyu alinikataza." Walicheka zaidi. Nyuma yangu kijana mmoja alisema, "Huyu mzee hajambo!" na mwingine akadakia, "Muulize kama meno yake ameyakuta huko!" Skolastika alikuwa ameshika mbavu, machozi yanamtiririka. Nilitazama nyuso zile moja moja, nikitafuta japo mmoja aliyesikia. Hapakuwa na mtu.

Nikaikunja karatasi. Kisha nikavaa kofia yangu. "Basi, Mngoni," nilisema, nikacheka pamoja nao.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, Skolastika alinifuata na sahani ya ubwabwa, imejaa mpaka pembeni, watu wakija nyuma yake kunihesabia matonge. "Umemzika vizuri, mtani," aliniambia, akijifuta macho. "Kula."

Nikala yote, nimesimama.